Mfumo wangu wa ghalani umejengwa kwa programu huria. Nina haki ya kudai pesa yangu au sina?

#1 Kijana_wa_Chuno
Wakuu, salaam. Nipo Mtwara mjini, kazi yangu ni kutengeneza mifumo midogo ya kompyuta kwa maduka na vyama. Msimu huu nilipata kazi kwenye chama kimoja cha msingi cha korosho, jina naliacha. Mfumo ni wa mapokezi ghalani: karani anasoma mizani, anaingiza jina la mkulima, kilo na daraja, printa inatoa risiti, na jioni katibu anapata jumla ya siku bila kushika kikokotoo. Tulikubaliana 1,800,000. Nusu nilipewa mwanzo, nusu nipewe siku ya kukabidhi.

Nimekabidhi, na wakulima wanaondoka na risiti zao. Ila nusu ya pili haijaja. Mjumbe mmoja wa bodi ana mpwa wake anayesoma kompyuta. Mpwa kafungua folda la mfumo, kakuta mafaili yameandikwa leseni, kaenda kuwaambia wazee kwamba vitu hivi ni vya bure mtandaoni na mimi nimewauzia cha kuokota. Sasa nikipita pale wananitazama kama mnunuzi wa kangomba, yule wa korosho za magendo.

Kweli nimetumia programu huria, sijaficha. Lakini miezi miwili nimelala saa nane za usiku. Sheria za hizi leseni zinasemaje? Naruhusiwa kuuza au siruhusiwi?

#2 Bandarini_Mkavu
Uzi tayari. Nimekaa mbele na ming'oko yangu, wataalamu waje.

#3 Fundi_Rauta
Mkuu, unaruhusiwa. Mpwa amechanganya bure na huru. Waingereza wana neno moja, "free", kwa vyote viwili, ndiyo maana wanabishana miaka yote. Sisi Kiswahili kimetutenganishia. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983 alikuwa anadai uhuru: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuifungua uone inavyofanya kazi, kuibadilisha, na kuigawa. Bei hakuigusa. Leseni yake ya GPL inasema wazi kwamba unaweza kutoza bei yoyote kwa kila nakala, au usitoze kabisa. Kampuni ya Red Hat wamejenga biashara juu ya Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, mpaka IBM wakainunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Hakuna aliyewaita matapeli.

#4 Mwana_wa_Ndanda
Fundi amesema nusu. GPL inakuruhusu kuuza, lakini aliyenunua lazima umpe na msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu jinsi yalivyoandikwa na fundi, akiutaka, na humkatazi kuugawa. Maana yake ukiuzia chama cha kwanza, chama cha pili kinaweza kupewa na cha kwanza bila wewe kuona senti. Mlango wa kuuza uko wazi, ila nyumba ina milango miwili.

#5 Karani_wa_Mizani
Habari zenu. Mimi nipo chama kingine, Tandahimba, si hicho cha mleta uzi. Naomba niwasemee wazee, maana nakaa nao.

Mzee wa bodi akisikia neno leseni, anajua vitu viwili: leseni ya biashara na leseni ya bodaboda. Zote zinalipiwa, zote zinaisha muda, na isipokuwepo kuna mtu anakuja kukukamata. Kwa hiyo mkisema "mfumo una leseni ishirini ndani yake" yeye anasikia kwamba kuna watu ishirini watakuja mlangoni kudai. Mwenyekiti wetu aliniuliza hivi, nanukuu: "Inaisha lini, na tunalipia wapi?" Nilikosa jibu. Mwenye jibu anipe, nitalipeleka kesho asubuhi kabla ya mapokezi.

#6 Mwalimu_Newala
Swali la Karani ndilo la maana kuliko yote hapo juu. Kosa limeanzia kwenye tafsiri. Hapa leseni si kibali cha serikali, ni ruhusa yenye masharti anayoitoa mwenye kazi. Anasema: kazi ni yangu, ila nakuruhusu hiki na kile, mradi ufanye hivi. Nyingi hazina mwisho wala ofisi ya kulipia. GPL toleo la 2 ni ya Juni 1991 na mpaka leo watu wanaitumia bila mtu kuhuisha chochote.

Mimi darasani nasema "ruhusa yenye masharti", silitumii leseni kabisa. Wanafunzi wa kidato cha pili wanaelewa siku ileile.

#7 Mtoto_wa_Msijute
Mfano rahisi, wazee wataelewa: ni kama kuweka mikorosho rehani. Shamba ni la mwenyewe, wewe unavuna kwa makubaliano, msimu ukiisha unarudisha.

#8 Wakili_wa_Mitandi
Mtoto wa Msijute, mfano mzuri lakini unavunjika katikati. Ukinipa mikorosho yako rehani, wewe huvuni tena. Programu ukininakilia, yako bado unayo, na mimi ninayo. Ndiyo maana bila sheria ya kunakili hizi ruhusa zisingekuwa na nguvu yoyote.

Niko Lindi, shughuli zangu ni za mikataba. Msingi kwa hapa kwetu ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ile ambayo COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, wanaisimamia. Inaitambua programu ya kompyuta kama kazi ya maandishi, sawa na kitabu. Na Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, kwa hiyo kazi ya mgeni inalindwa hapa na ya kwetu inalindwa kwao. Mtu akiandika msimbo, haki zinazaliwa palepale hata asipoandikisha popote.

Geuza sasa. Kama hakuna ruhusa iliyoandikwa, huna ruhusa. Watu wengi wanadhani msimbo uliowekwa hadharani bila leseni ni wa wote. Hapana, huo ndio wenye hatari kuliko yote. Kijana wa Chuno, tuorodheshee ulichotumia, maana hapa tunapiga kelele gizani.

#9 Kijana_wa_Chuno
Ahsanteni. Wakili, ni hivi. Mfumo nimeuandika kwa lugha ya Java. Data zinakaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Risiti na ripoti za PDF zinatengenezwa na iText, toleo jipya, ni maktaba, yaani msimbo uliokwisha andikwa ambao programu yangu inauita. Na kile kipande kinachosoma namba kutoka kwenye mizani kwa waya nilikitoa GitHub, tovuti ya watu kuweka misimbo yao, kwa jamaa mmoja, ni mafaili matatu tu. Nimerudi kuangalia sasa hivi baada ya kusoma #8. Hana faili la leseni. Hakuna kitu.

Chama nimewapa faili la kuendesha tu, msimbo chanzo nimebaki nao.

#10 Bandarini_Mkavu
Ming'oko imenikwama kooni.

#11 Fundi_Rauta
Hapo sasa tuvue mashati. PostgreSQL tulia, leseni yake ni ya jamii ya BSD na MIT, zile zenye masharti machache: tumia, uza, funga, ilimradi usifute tangazo la hakimiliki.

iText ndiyo yenye mwiba. Zamani ilikuwa chini ya leseni za MPL na LGPL, ambazo ni pole. Kuanzia toleo la 5, mwaka 2009, ikahamia AGPL, na asiyetaka masharti ya AGPL ananunua leseni ya biashara kwao. AGPL ni ndugu wa GPL mwenye jicho kali zaidi. Inasema ukimpa mtu nakala, mpe na msimbo chanzo wa kazi nzima. Na ukiibadilisha ukaiweka kwenye seva, wanaoitumia kwa mtandao nao wana haki ya msimbo. Wewe umempa chama nakala bila msimbo. Hilo sharti umelivunja, kaka, hata kama hukujua.

#12 Mwana_wa_Ndanda
Subiri, Fundi. Amebadilisha iText au ameiita tu kama maktaba? Kile kipengele cha 13 cha AGPL kina neno "ukibadilisha". Kama hakubadilisha hata mstari, kipengele cha mtandao hakimgusi.

#13 Fundi_Rauta
Cha mtandao hakimgusi, nakubali. Lakini hajaweka kwenye seva, amefunga kwenye kompyuta ya chama. Hiyo ni kukabidhi nakala, inaingia kipengele cha 6, na hicho hakisubiri uwe umebadilisha.

#14 Mwana_wa_Ndanda
Na je, mfumo mzima unahesabika kuwa "kazi moja" na iText? Yeye ameandika mapokezi, daraja, jumla ya siku. iText inapiga chapa tu. Nikifunga pampu ya maji kwenye shamba langu, shamba halijawa la mwenye pampu.

#15 Wakili_wa_Mitandi
Umegusa swali ambalo wakubwa wenyewe hawajakubaliana. Waliotunga GPL wanaona ukiunganisha maktaba na programu yako zikaendeshwa pamoja, zimekuwa kazi moja, na ndiyo maana wakatunga LGPL kwa ajili ya maktaba wanazotaka ziunganishwe bila kuvuta programu nzima. Wapo wanasheria wanaosema hapana, kazi iliyotokana na nyingine hupimwa na sheria ya hakimiliki ya nchi husika, si maoni ya mtunzi wa leseni. Kwa kijana wa Mtwara ninayemshauri leo, ningemwambia aishi kana kwamba wale wa kwanza wako sahihi. Ni nafuu kuliko kesi.

#16 Shemeji_Nachingwea
Hizi ni karatasi za wazungu tu. Nani atatoka Ulaya aje Tandahimba kushitaki risiti ya korosho? Dai pesa yako, mdogo wangu.

#17 Fundi_Rauta
Shemeji, kwa heshima, hapo sikubali hata kidogo, na nitakuambia kwa nini. Mimi nakula kupitia hizo karatasi.

Nina kibanda cha intaneti Mikindani. Rauta yangu ni kuukuu, nimeifuta programu ya kiwandani nikaweka OpenWrt, programu huria ya rauta, ndiyo inayonigawia bando kwa dakika na kukata mteja muda ukiisha. Unajua OpenWrt ilitoka wapi? Kulikuwa na rauta ya Linksys, WRT54G. Watu wakagundua ndani yake kuna Linux na vitu vingine vya GPL, lakini kampuni haikutoa msimbo. Wakaibana kwa sharti la leseni, mwaka 2003 msimbo ukatolewa, na mwaka uliofuata OpenWrt ikaanzia hapo. Lile sharti la "ukigawa, mpe na chanzo" lisingefuatwa, nisingekuwa na kibanda. Siwezi kufurahia matunda yake kisha nikamwambia kijana alipuuze.

#18 Wakili_wa_Mitandi
Na mahakama zimeshasema. Munich, Ujerumani, mwaka 2004 mahakama ilisimamia GPL dhidi ya kampuni iliyouza rauta bila kutoa msimbo. Marekani mwaka 2008, kesi ya Jacobsen na Katzer, programu ya kuendesha treni za kuchezea, mahakama ya rufaa ikasema masharti ya leseni huria yana nguvu ya hakimiliki hata kama hakuna aliyelipa. Hizo si hukumu za kwetu, haziifungi mahakama ya Lindi wala ya Mtwara. Ila usiseme hakuna anayejali.

#19 Shemeji_Nachingwea
Nimekuelewa Fundi. Sikujua habari ya rauta. Nitapita kibandani kwako nikija Mikindani.

#20 Mwalimu_Newala
Tumsaidie sasa. Maabara yetu ya shule ina kompyuta kumi na moja, zote Linux na LibreOffice. Kabla ya hapo tulikuwa na Windows za kuchonga kutoka stesheneri, kila flashi ya mwanafunzi inaleta virusi, na kila mkaguzi akija mimi natoka jasho. Nilipohama nilipata amani ambayo sikuitegemea: kwamba nikiulizwa "umeruhusiwa na nani?" naweza kufungua faili nikaonyesha. Linus Torvalds aliitoa Linux chini ya GPL mwaka 1991 kwa ajili ya watu kama sisi.

#21 Mwana_wa_Ndanda
Mwalimu, sahihisho dogo. Linux ilitoka 1991 kweli, lakini leseni yake ya kwanza Linus aliiandika mwenyewe na ilikataza kutoza pesa. GPL aliihamia mwaka 1992. Kwa hiyo hata yeye alianza na wazo la huyo mpwa, kisha akabadili.

#22 Mwalimu_Newala
Nimepokea. Nitawasahihishia darasani Jumatatu.

#23 Binti_Mtanda
Naingia kwa upande mwingine. Nakusanya takwimu vijijini kwa simu, fomu zangu ziko KoboToolbox, nayo ni AGPL. Na ramani nachora kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Huko nimejifunza kitu kimoja ambacho sijaona mtu amekisema: leseni ya programu haigusi data ulizoingiza. Karani, waambie wazee hilo, maana nina hakika kuna aliyewaza majina ya wakulima yataanikwa.

#24 Karani_wa_Mizani
Dada Binti, umenisoma moyo. Hilo ndilo lililosemwa kikaoni kwetu: "Kama programu ni ya wote, basi na daftari letu ni la wote." Kuna mzee alikuwa tayari turudi kwenye vitabu vya kaboni.

#25 Binti_Mtanda
Hapana kabisa. Msimbo ni gunia, majina na kilo ni korosho. Ukimwazima jirani gunia hujampa korosho. Majina yenu yanalindwa na sheria nyingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hiyo inawabana ninyi chama muyatunze.

Data nazo zinaweza kupewa leseni yake mwenyewe akitaka. OpenStreetMap tangu 2012 data zake zipo chini ya leseni ya ODbL: tumia, taja chanzo, ukiiboresha hifadhidata na kuitoa hadharani, itoe kwa masharti yaleyale. Lakini hapo wachoraji tulijua tunachangia ramani. Mkulima wa Tandahimba hakuchangia jina lake kwa dunia.

#26 Mtoto_wa_Msijute
Gunia na korosho! Huu mfano wangu wa rehani naufuta.

#27 Kijana_wa_Chuno
Wakuu, nimesoma yote, na nimeumia kidogo, lakini afadhali nimejua. Kwa hiyo nikitaka kurekebisha: je, lazima nianike mfumo wote mtandaoni kwa dunia nzima? Hilo linanitisha kuliko ile laki tisa.

#28 Fundi_Rauta
Huo ndio uvumi mkubwa kuliko wote. AGPL haisemi uanike kwa dunia. Inasema yule uliyempa nakala umpe msimbo. Uliyempa ni chama kimoja. Ukimpelekea katibu flashi yenye msimbo wote, umetimiza.

Una njia tatu. Uwape chama msimbo chini ya AGPL. Au ununue leseni ya biashara, ambayo kwa mfumo wa bei hii sidhani inalipa. Au uitoe iText kabisa. Ipo OpenPDF, ilichipuka kutoka iText 4, ile ya kabla ya kubadili leseni, na bado ni LGPL na MPL. Ipo pia PDFBox ya Apache, leseni ya Apache 2.0, hiyo ni ya mwaka 2004 na inakupa hadi ruhusa ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi. Kwa risiti yenye mistari kumi, siku mbili umemaliza.

#29 Mwana_wa_Ndanda
Hapo kuna somo lingine. Wanaouliza kama mwenye kazi anaweza kubadili leseni baadaye, jibu liko kwenye OpenPDF. Toleo jipya anaweza kuliwekea masharti mapya, lakini lililokwisha kutolewa kwa masharti ya zamani halirudishwi. Wenye Redis, programu ya hifadhidata, walibadili mwaka 2024, watu wakachukua toleo la nyuma wakaanzisha Valkey. Ni kama bahari kupwa: mashua iliyokwisha kutoka imetoka.

#30 Wakili_wa_Mitandi
Kuitoa iText leo hakufuti nakala aliyokwisha kutoa. Ila msiogope. GPL toleo la 2 ilikuwa kali, ukikiuka ruhusa inakufa palepale. Toleo la 3, la 2007, pamoja na AGPL ya mwaka huohuo, wameweka kipengele cha 8 chenye huruma: ukiacha kukiuka, ruhusa inarudi kwa muda, na mwenye kazi asipokuandikia ndani ya siku 60 inarudi moja kwa moja. Na kama ni kosa lako la kwanza na ameshakuandikia, ukirekebisha ndani ya siku 30 umesamehewa. Kwa hiyo badilisha, na nakala ya zamani uifute kwenye kompyuta ya chama.

Kile kipande cha mizani kisicho na leseni ndicho kinachoninyima usingizi. Mwandikie mwenyewe. Leo.

#31 Mpwa_Mwenyewe
Nimeonyeshwa uzi huu na mjomba. Ndiyo mimi. Shikamooni wakubwa.

Naomba nieleweke. Sikusema kijana ni tapeli. Nilichosema ni kwamba vipande vya ndani vimetoka kwa watu wengine, na chama hakikuambiwa. Wazee wameongeza chumvi. Lakini hoja yangu naishikilia: mkataba wa kurasa mbili umeandika "mfumo uliobuniwa na kutengenezwa na mkandarasi". Haukutaja hata kimoja. Leseni ya MIT yenyewe, ambayo ni fupi sana, ina sharti moja tu: tangazo la hakimiliki na maandishi ya ruhusa yabaki kwenye kila nakala. Hata hilo moja, kwenye folda nililoliona, baadhi ya matangazo yalikuwa yamefutwa.

#32 Kijana_wa_Chuno
Mpwa, karibu, na sina kinyongo. Hayo matangazo niliyafuta mimi ili folda lionekane safi. Sikujua kwamba ndiyo malipo yenyewe. Nayarudisha.

#33 Mwalimu_Newala
Mpwa umesema kweli kubwa. Kutaja jina la mwenye kazi. Mchonga vinyago wa Kimakonde akijua umeuza kinyago chake ukasema umechonga wewe, hatauliza bei, atauliza jina.

#34 Bandarini_Mkavu
Mwalimu leo umetoa boriti. Ila tuseme na pesa ya kijana, tumeisahau.

#35 Karani_wa_Mizani
Pesa yake apewe. Niwaeleze ninachokiona mimi. Mwaka jana tulikuwa na kalamu na kitabu. Foleni inafika barabarani, mkulima ana gunia nane, kila moja nasoma, naandika, najumlisha, mkono umejaa vumbi la maganda mpaka namba hazisomeki. 81.4 inageuka 81.9, tunagombana mpaka magharibi. Hata kama kila tofali la nyumba ni la bure, aliyejenga ukuta ndiye aliyeusimamisha. Wazee wanaelewa hilo wakielezwa hivyo. Tatizo wameelezwa kwa neno "bure".

#36 Wakili_wa_Mitandi
Kisheria pia: kilichouzwa ni kazi na huduma. Na kuna jambo la dhamana. Karibu leseni zote hizi zinasema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Yaani jamaa wa PostgreSQL hawatakuja Mtwara data zikipotea. Anayekuja ni Kijana wa Chuno. Ile 1,800,000 ndani yake kuna hiyo.

#37 Mpwa_Mwenyewe
Hapo sasa tunapishana, Wakili. Kama wenye vipande wamekataa dhamana, kijana ameitoa wapi ya kuwauzia wazee? Mkataba haukuiandika.

#38 Mwana_wa_Ndanda
Ametoa yake mwenyewe kwa mfumo mzima, hata kwa vipande vya wengine. Ndivyo Red Hat wanavyofanya.

#39 Mpwa_Mwenyewe
Red Hat wana watu maelfu. Yeye yuko peke yake na pikipiki.

#40 Kijana_wa_Chuno
Mrejesho. Jamaa wa kipande cha mizani nilimwandikia usiku ule, kajibu siku ya pili. Anasema alisahau tu, na hakuwahi kufikiri kuna mtu angekitumia kupimia korosho. Ameweka faili la MIT. Risiti sasa zinatoka kwa OpenPDF, matangazo yote nimeyarudisha, na mbele ya mfumo nimeweka ukurasa unaotaja kila kipande na mwenye nacho. Bodi inakaa Jumamosi. Mpwa amekubali kuja kuwafafanulia wazee.

#41 Karani_wa_Mizani
Hongera sana mdogo wangu.

#42 Mpwa_Mwenyewe
Tumetoka kikaoni. Ukurasa wa majina tuliuchapa, mwenyekiti kausoma mpaka mwisho kwa sauti, majina ya kigeni na yote. Wamekubali kulipa laki tano sasa, laki nne baada ya mnada ujao. Wameomba msimbo wote kwenye flashi ukae kabatini pamoja na muhuri, endapo kijana atahama mji. Kijana amekubali.

Sasa kuna jambo limezuka palepale. Chama jirani walikuwa wamealikwa. Wameomba nakala. Katibu anasema flashi ni ya chama, anaweza kuwapa. Je, anaweza?

#43 Fundi_Rauta
Anaweza. Vipande vyote sasa vinaruhusu kugawa.

#44 Mwana_wa_Ndanda
Vipande ndiyo. Lakini ile sehemu kubwa, mapokezi na daraja na jumla, aliyoiandika Kijana mwenyewe?

#45 Wakili_wa_Mitandi
Kijana wa Chuno, msimbo wako wewe umeuwekea leseni gani?

#46 Kijana_wa_Chuno
Sijaweka. Folda langu halina faili la leseni.

#47 Karani_wa_Mizani
Basi kabla hujachagua, nasi Tandahimba tupo kwenye foleni. Tuhesabie.